Pengo la namba tatu: namna ya kumpima mchezaji huru kabla hajasaini

Dirisha la usajili likifunguliwa, simu yangu haipumziki. "Mwalimu, kuna beki wa kushoto yuko huru, alishacheza ligi kuu, mchukue haraka kabla hajaenda Masasi." Anayepiga ni mdau anayeipenda timu, na huenda siku hiyo ana hela mkononi. Nimekuwa nikifundisha timu za ligi ya mkoa hapa Mtwara kwa miaka kadhaa, na simu kama hizo zimenigharimu kuliko majeraha. Naandika haya kwa walimu wenzangu na viongozi wa timu ndogo za Kusini, kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu. Ninyi hamna fedha za kumvunjia mtu mkataba, kwa hiyo kila mwaka mnajenga kikosi kwa wachezaji huru.

Mchezaji huru ni yule ambaye mkataba wake umeisha, au timu imemwacha kwa maandishi, au hajawahi kufungwa na mkataba wowote. Tangu hukumu ya kesi ya mchezaji Bosman ya Desemba 1995 kule Ulaya, dunia ya mpira imekubali kwamba mkataba ukiisha, timu ya zamani haina haki ya kudai ada ya uhamisho. Kwetu Kusini soko hili limekua kwa sababu inayoonekana kwa macho. Ndanda ilipanda ligi kuu 2014 na kushuka 2020. Namungo ya Ruangwa ilipanda 2019, na mwaka uliofuata ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba. Timu kama hizo zinavuta vijana, zinawalea, kisha zinawaacha. Wengine wanarudi nyumbani wakiwa bado na mpira miguuni, na hao ndio tunaopigiwa simu juu yao.

Nitatumia mfano wa beki wa kushoto, yaani namba tatu, kwa sababu ndilo pengo lililonisumbua zaidi. Ukiwa unatafuta kipa au namba sita (kiungo mkabaji), njia ni ile ile, badilisha tu kazi unayoipima.

Kwanza, lijue pengo kabla hujajua jina

Msimu mmoja tulifungwa sana kupitia upande wetu wa kushoto. Jukwaa zima lilikuwa na jibu moja: namba tatu hafai. Tukakusanya michango, tukamsajili beki mwenye jina, mtu aliyewahi kusafiri kwa ndege kwenda kucheza. Mechi nne baadaye tulikuwa tunafungwa mabao yale yale, kutoka kona ile ile ya uwanja.

Usiku mmoja nikakaa na daftari na video ambazo kijana mmoja hurekodi kwa simu akiwa amekaa juu ya ukuta. Kila bao nikaliandikia mstari wake: mpira ulipotea wapi, nani alitoa pasi ya mwisho, nani alipaswa kuwa karibu naye, na namba tatu wetu alikuwa anakabiliana na watu wangapi. Mabao 11 yalianzia kushoto. Katika 7 kati ya hayo, namba tatu alikuwa peke yake na watu wawili mbele yake, winga na beki aliyepanda. Namba kumi na moja wetu, winga wa kushoto, alikuwa bado yuko juu, mikono kiunoni, anasubiri mpira. Pengo lilikuwa hatua 30 mbele ya mahali tulipolipia.

Kwa hiyo usimpigie mtu simu kabla hujafanya kazi hii. Chukua mechi kumi za mwisho. Huna video? Kaa na wachezaji wako wa nyuma, mmoja mmoja, si wote kwa pamoja, uwaulize kila bao lilivyoingia. Kipa anakumbuka mengi kuliko anavyosema mbele ya wenzake. Ukimaliza utakuwa kwenye moja ya hali tatu. Nafasi yenyewe ni dhaifu. Au jirani yake ndiye dhaifu. Au mpangilio wako ndio unaomwacha mtu uchi, na hapo tatizo ni letu sisi walimu, hakuna usajili utakaolitibu.

Andika kazi yake kwa sentensi tatu

Mdau akikuuliza unatafuta mtu gani, usijibu "beki mzuri wa kushoto". Mimi msimu uliofuata niliandika hivi na kubandika ndani ya kabati la jezi: Anaweza kubaki na winga mwenye kasi bila kumpiga faulo. Mpira ukiwa upande wa kulia, anaingia ndani kumsaidia beki wa kati. Akipata nafasi ya kupanda, anapiga krosi ya kwanza bila kuugeuza mpira.

Sentensi mbili za kwanza zilikuwa za lazima, ya tatu ilikuwa ya kutamani. Tofauti hiyo ni muhimu sana, kwa sababu mchezaji huru mwenye kila kitu hayuko huru. Lazima utakubali kukosa kitu fulani, basi amua mapema ni kitu gani unaweza kukikosa.

Watu hubishana kuhusu mguu. Lazima namba tatu awe wa kushoto? Kama unamtaka apande na kupiga krosi, mimi nasema ndiyo. Mtu wa mguu wa kulia akifika pembeni atauvuta mpira ndani kwanza, na kwenye viwanja vyetu vya mchanga mguso huo mmoja wa ziada unampa beki wa wapinzani muda wa kufika. Lakini kama kazi yake kubwa ni kukaba, na winga wa wapinzani ni mtu wa kushoto anayependa kuingia ndani kupiga shuti, beki wa mguu wa kulia anaweza kukufaa zaidi, maana mguu wake wenye nguvu uko upande ule ambao winga anaukimbilia. Usikatae mtu kwa mguu kabla hujaisoma ile karatasi ya kabatini.

Angalia ndani ya nyumba

Hili ni fupi. Kabla ya kutoa nauli ya mtu yeyote, mjaribu mmoja wa winga zako au kijana wa timu B katika nafasi hiyo kwa mechi mbili za kirafiki. Patrice Evra, yule beki wa zamani wa Manchester United, alianzia mbele. Akiwa Nice ndipo alipowekwa beki wa kushoto, na tunajua alikofika. Ukimpata wa ndani, hela ya usajili inabaki ya mipira na usafiri.

Kukusanya majina

Usitegemee majina yanayoletwa, nenda ukayatafute. Kwetu kuna majira mazuri kabisa ya kazi hii: msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba fedha zinapoanza kuingia vijijini baada ya minada, mabonanza na vikombe vya ndondo vinachipuka Tandahimba, Newala, Masasi, hadi Nachingwea na Liwale. Wachezaji walioachwa na timu kubwa wanacheza humo ili wapate chochote, na vijana wasiojulikana wanacheza humo kwa sababu wako nyumbani. Katika siku mbili unaweza kuwaona mabeki wa kushoto wanane. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nayo isidharauliwe, hasa kwa kijana anayemaliza kidato cha nne.

Anza na majina sita au saba. Usianze na moja. Ukianza na moja utatafuta sababu za kumchukua, na sababu hazikosekani.

Kwa nini yuko huru?

Nikibakiwa na swali moja tu la kuuliza kuhusu mchezaji, nitauliza hili. Mchezaji anayejua mpira, mzima, mwenye umri mzuri, amekaa nyumbani Chikongola bila timu. Iko sababu. Inaweza kuwa sababu nzuri: timu imeshuka daraja na kupunguza watu, mwalimu mpya amekuja na watu wake, alidai mishahara akaonekana mkorofi, mama yake aliugua akarudi kumuuguza. Inaweza pia kuwa goti, au pombe, au tabia ya kutoroka kambini. Mchezaji mwenyewe atakwambia moja tu ya hizo. Muulize kwa heshima na umwache amalize, kisha piga simu tatu.

Ya kwanza ni kwa mwalimu aliyemfundisha mwisho. Muulize swali lenye jibu moja: "Ungekuwa na nafasi, ungemsajili tena?" Kisha nyamaza. Akichelewa kujibu, umeshajibiwa.

Ya pili ni kwa mchezaji mwenzake wa zamani, hasa yule aliyecheza pembeni yake, namba nne (beki wa kati) au namba kumi na moja. Huyo anajua kama mtu huyu anaongea uwanjani au ananuna akikosea.

Ya tatu ndiyo ninayoithamini kuliko zote, nayo ni kwa mtunza vifaa. Watu wanamsahau. Yeye ndiye anayefungua chumba cha jezi na ndiye anayekifunga, anajua nani anafika wa kwanza na nani anarudisha bipu ikiwa na harufu ya bia. Niliwahi kumpigia mzee mmoja wa kazi hiyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Mtwara?"

"Njema mzee. Namuulizia yule kijana wenu wa namba tatu."

Akakaa kimya kidogo. "Mchezaji yule. Mpira anaujua, sitamsema vibaya. Ila usimpangie chumba peke yake."

Maneno hayo machache yalinitosha. Sikumkata kwenye orodha, ila nilijua kwamba nikimchukua atalala nyumba moja na nahodha, si gheto la peke yake Magomeni.

Je, ni huru kweli?

Neno lake halitoshi, na la wakala wake halitoshi zaidi. Omba kuona mkataba wake wa mwisho na tarehe ya kuisha, au barua ya kuachwa yenye saini na muhuri wa timu. Kisha mwombe katibu wa chama cha mpira cha mkoa akusaidie kuangalia jina lake kwenye mfumo wa usajili. Ukimtumia mchezaji ambaye bado ni mali ya timu nyingine unaweza kupokwa pointi ulizozitolea jasho, na yeye akisaini timu mbili anaweza kufungiwa. Kwa kanuni za FIFA mchezaji ambaye mkataba wake umebakiza miezi sita au chini anaruhusiwa kusaini na timu nyingine, lakini atahamia mkataba wa kwanza ukiisha. Kanuni hizo pia zinasema mchezaji anaweza kusajiliwa na timu zisizozidi tatu ndani ya msimu mmoja, na kucheza mechi rasmi za timu mbili tu. Kwa hiyo muulize kaanzia wapi msimu huu, hata kama alikaa mwezi mmoja.

Sisi wa Mtwara tuna jambo la ziada: mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Kuna vijana wanaovuka kutoka Msumbiji, wengine ni ndugu zetu kabisa, Kimakonde kimoja. Kijana akishasajiliwa kule, hata kwa mpira wa ridhaa, anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa, na hiyo inapitia TFF, shirikisho letu la mpira. Akiwa chini ya miaka 18 ndiyo ngumu zaidi. FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa watoto isipokuwa kwa sababu chache, na mojawapo inatugusa: mtoto anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na timu iliyo ndani ya kilomita 50 upande wa pili, mradi umbali wote usizidi kilomita 100, aendelee kulala kwao, na vyama vya nchi zote mbili vikubali. Usimfiche kijana kwa jina la binamu yake. Siku ikijulikana, atakayeumia ni yeye.

Kuhusu mawakala: tangu 2023 FIFA imerudisha leseni ya wakala pamoja na mtihani wake. Anayejiita wakala, mwombe leseni.

Kumtazama: acha kuutazama mpira

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa sababu tumezoea kutazama kama mashabiki. Namba tatu anaugusa mpira kwa dakika chache tu katika zile 90. Ukimpima kwa dakika hizo chache umempima fundi wa chenga. Dakika nyingine zote ndizo zinazokufungisha au kukuokoa.

Kaa upande wake wa uwanja kipindi kimoja, usawa wa mstari wa pembeni, kisha hamia nyuma ya goli lake kipindi cha pili. Ukiwa pembeni unaona mbio na mwili wake. Ukiwa nyuma ya goli unaona umbali kati yake na beki wa kati, na hapo ndipo mabao yanapozaliwa. Uwe na daftari, na kwa dakika 20 usimwangalie mtu mwingine yeyote.

Mimi huandika alama ndogo kwa mambo haya. Mpira ukiwa upande wa pili, je, anageuza kichwa kumtafuta winga wake? Timu yake ikipoteza mpira akiwa amepanda, hatua tatu za kwanza anakimbia au anatembea? Winga akimjia, anamsubiri kwa ubavu akimsukumia nje, au anakaa mraba, kifua kikimwelekea winga, na kuchagua upande? Akipigwa chenga, anarudi, anavuta jezi, au anainua mkono kumlalamikia refa? Na akikosea, dakika mbili zinazofuata anacheza vipi?

Nikupe mfano. Nilikuwa kwenye uwanja mmoja wilayani Tandahimba, upande mmoja mikorosho imefika karibu kabisa na mstari, watoto wamekaa kwenye matawi. Nilikwenda kumwangalia beki wa timu ya wageni. Lakini kwa wenyeji kulikuwa na kijana wa namba kumi na moja, mwembamba, viatu vyake vimefungwa kwa kamba ya katani. Mpira ulikuwa mbali, kona ya kulia kabisa. Kijana akageuza kichwa mara moja. Akageuza tena. Akamwona winga wa wapinzani anajiiba nyuma ya beki wao wa kushoto, akashuka hatua kama 15, akasimama pale katikati. Pasi ndefu ikapigwa, ikamkuta yeye, akaituliza kwa kifua na kumpa kipa. Hakuna aliyepiga makofi. Katika dakika zilizofuata alifanya hivyo mara nne tena. Nikafungua ukurasa mpya wa daftari, na yule niliyemfuata nikamsahau kwa muda.

Mwone mtu mara tatu, si mara moja. Mechi moja nyumbani kwao, moja ugenini, na moja dhidi ya winga anayekimbia kweli. Mtu akicheza na winga mzembe huonekana kitasa. Uwanja nao hudanganya: kwenye mchanga mpira unakufa, beki mzito anaonekana ana wakati wote, lakini umpeleke kwenye nyasi za uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara, mpira unateleza na winga anampita kama amepigwa msumari chini. Kama umemwona mchangani tu, mpe angalau mazoezi mawili kwenye uwanja wa nyasi kabla hujaamua.

Zile video za dakika tatu zinazotumwa kwenye WhatsApp zikiwa na muziki, zitazame, lakini zinachoonyesha ni kile anachoweza siku yake ikiwa nzuri. Omba mechi nzima waliyofungwa. Akikubali kukutumia, tayari amepata alama kwangu.

Mwili wake

Walete watatu waliobaki kwa majaribio ya siku tano. Uwalipie nauli na chakula, wote sawa. Mtu aliyelala na njaa usimpime kasi.

Siku ya kwanza usipime chochote, maana aliyetoka Liwale kwa basi miguu yake bado iko njiani. Siku ya pili, kasi ya kurudia: mita 20 kwenda na 20 kurudi, pumzika sekunde 20, mara sita. Andika muda wa kila mzunguko. Usivutiwe na ule wa kwanza. Tazama pengo kati ya ule bora na wa sita, kwa sababu beki wa pembeni hakimbii mara moja, anakimbia, anarudi, anakimbia tena. Siku ya tatu na ya nne mchezo wenyewe, mkimweka mmoja dhidi ya winga wenu bora kwenye eneo jembamba. Siku ya tano mechi kamili.

Kuhusu majeraha, uliza waziwazi: goti, enka, nyonga, misuli ya nyuma ya paja. Mtu aliyewahi kuchanika nyuma ya paja yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuchanika tena, hilo linajulikana vizuri katika tiba ya michezo. Aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya katikati ya goti, muulize ni lini. Kama haijafika miezi tisa, usimharakishe hata kama yeye mwenyewe anakuapia amepona.

Kuna kipimo kimoja rahisi ninachokifanya kila mara. Chukua futi ya fundi cherehani. Mwambie akae amenyoosha miguu, pima sentimita 15 juu ya kifuniko cha goti, weka alama kwa kalamu, zungusha futi pajani. Fanya hivyo miguu yote miwili. Kisha mwambie aruke kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo, upime alipofika, na abadilishe mguu. Niliwahi kumpima beki aliyesema hajawahi kuumia maishani. Paja la kulia lilikuwa jembamba kwa sentimita tatu, na alipotua kwa mguu huo goti likaingia ndani. Nikamtazama, akainamisha kichwa. "Mwalimu, niliumia mwaka jana. Niliogopa ukijua hutanichukua." Sikumkasirikia. Nani asiyeogopa kukosa kazi? Nilimpa programu ya kuimarisha paja na kumwambia arudi dirisha dogo, lile la usajili wa katikati ya msimu.

Futi haichukui nafasi ya daktari. Kabla ya kusaini, mpeleke hospitali apimwe, moyo ukiwemo. Na ni lazima iwe kabla, kwa sababu kanuni za FIFA haziruhusu mkataba uwekewe sharti la kufaulu vipimo. Mkishasaini ni wako, goti na yote.

Kuamua kati ya watatu

Msimu ule nilibaki na hawa. Wa kwanza, miaka 31, ligi kuu ameicheza, krosi zake tamu, anaongea uwanjani kama mwalimu wa pili. Wa pili, miaka 24, alitemwa na timu ya Championship (daraja chini ya ligi kuu), kasi ipo, ndiye yule wa goti. Wa tatu ni yule kijana wa Tandahimba, miaka 20, hajawahi kusaini popote, wala hajawahi kucheza beki rasmi.

Nilirudi kwenye karatasi ya kabatini, nikawapa alama kati ya 1 na 5 kwa kila sentensi, zile mbili za lazima nikazizidisha mara mbili. Nikamwomba na msaidizi wangu afanye hivyo peke yake bila kuona zangu. Wa kwanza ndiye aliyekuwa mchezaji bora kuliko wote, na nasema hivyo hadi leo. Lakini kasi yake ya mzunguko wa sita ilikuwa imekufa, na kila alipopanda alirudi akitembea. Alama zake nyingi zilitoka kwenye krosi, ile sentensi ya kutamani. Kijana aliongoza kwenye zote mbili za lazima. Msaidizi wangu naye alifika huko huko.

Tulipotofautiana na viongozi, niliwawekea daftari mezani. Sikuwaambia "mimi ndiye mwalimu". Mdau aliyetoa hela ana haki ya kuona kwa nini hela yake haiendi kwa mtu mwenye jina. Wawili walinuna, mmoja akaomba daftari akalisoma lote.

Ikitokea watatu wote wameshindwa sentensi za lazima, usimchukue aliye nafuu kwa sababu dirisha linafungwa. Baki na uliyenaye, badilisha mpangilio, mshushe kiungo mmoja amsaidie.

Fedha na maandishi

Kwa FIFA, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kucheza. Wengine wote ni wa ridhaa. Timu nyingi za mkoa zinakaa katikati, zinalipa kitu kila mwezi bila karatasi, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Kama mnalipa, andikeni. Mkataba usiwe mfupi kuliko mwisho wa msimu, na usizidi miaka mitano. Kwa aliye chini ya miaka 18, mitatu.

Ahidini kile mnachoweza kulipa mwezi wa Machi, si kile mnachokiona Novemba wakati kila mtu ametoka mnadani. Mimi napendelea fedha ndogo ya kusaini na posho ya kila mwezi isiyokatika. Andikeni pia nani analipa matibabu akiumia kwenye kazi yenu, atalala wapi, na nauli ya kwenda kwao ni mara ngapi.

Na muulizeni kuhusu shamba. Kijana wangu wa Tandahimba aliniambia kabla sijauliza: "Mwalimu, nitakuja, lakini mama yuko peke yake, niache nimuokotee korosho mpaka mnada wa kwanza." Viongozi waliona anatuchezea. Tuliandika kwenye mkataba siku zake 14 za ruhusa na tarehe ya kuripoti. Aliripoti siku moja kabla, na mfuko wa ming'oko, vile viazi vya porini, mgongoni kwa ajili ya wenzake.

Wiki mbili za kwanza

Usimtupe mechini siku ya pili kwa sababu watu wanataka kumwona. Mpe chumba na yule watakayecheza upande mmoja. Mimi nilimlaza na namba kumi na moja, yule wa mikono kiunoni, na kila jioni baada ya mazoezi niliwabakiza wao wawili na winga wawili wa timu B: watu wawili dhidi ya wawili, upande wa kushoto tu, dakika 15. Sheria ilikuwa moja: mmoja akipanda, mwingine anataja jina lake kwa sauti na kubaki. Siku tatu za kwanza hapakusikika jina. Siku ya nne nilikuwa nakusanya koni upande wa pili wa uwanja, nikamsikia namba kumi na moja anaita.